Nondo

Kazi yangu ni ya usiku.
Saa nane, Chang'ombe, mbwa wakishachoka kubweka,
nasimamisha nondo juu ya bomba
na juu ya nondo naweka sikio la kushoto.
La kushoto, sijui kwa nini. Mahinyila aliyenitangulia
alitumia hilo, na hakusema sababu.

Bomba zima hunguruma kama mtu aliyeshiba.
Lililopasuka hunong'ona:
sss,
kama koroboi inayoishiwa mafuta.
Hapo napiga msalaba wa chokaa,
asubuhi vijana wanachimba.
Miaka kumi na tisa. Nimekosea mara nne.

Jumanne ile, nyumbani Nkuhungu,
niliinua simu nikamfokea mtu wa ofisini:
"Ongea basi! Mbona kimya?"
Hakuwa kimya. Alikuwa anasema.
Nilipohamishia simu kulia sauti yake ikarudi,
ina hasira, na ina haki.

Sechelela, mke wangu, akasema ni nta.
Jirani akasema ni mdudu,
akaleta mafuta ya alizeti, vuguvugu, kijiko kizima.
Siku tatu zikapotelea humo.
Daktari hakuanza na sikio, alianza na kalenda.
"Siku tatu," akasema taratibu,
kama anayehesabu pesa na kukuta zimepungua.
Akanipa vidonge, na karatasi ya kipimo.

Mlango wa chumba cha sumaku
umechorwa ufunguo uliokatwa kwa mstari mwekundu.
Nikavua mkanda, saa, pete.
Na nondo. Ndiyo, nilikwenda nayo,
usiniulize nilifikiri nini.
Nyamizi, binti wa mashine, akaipokea kwa mikono miwili:
"Hii ikiingia humu, baba, itaruka."
Akailaza kwenye benchi la nje
kando ya mama mwenye ndoo ya zabibu.

Wakaniziba masikio yote mawili,
zima na bovu, bila ubaguzi.
Mashine ikaanza kugonga
ngo ngo ngo ngo
kisha drrrr, kama wanavunja lami juu ya paji langu,
na kelele yote ikaingilia mlango mmoja.

Nikakumbuka: usitikisike.
Nikakumbuka: safari hii bomba ni mimi.
Nimefukiwa kwenye mtaro mweupe,
na ng'ambo ya kioo yupo mtu
ameegesha nondo yake, anasikiliza kwa macho.

Wiki iliyofuata daktari akanionyesha kichwa changu
vipande vipande, kama kitunguu.
"Huyu konokono ni sikio lako la ndani.
Huyu mwenzake wa upande wa pili.
Uzi huu ni mshipa wa fahamu.
Hapa tulikuwa tunatafuta uvimbe. Haupo."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.
Kisha nikauliza kifundi:
"Sasa pamevuja wapi?"

Akavua miwani.
"Picha imetuambia pasipovuja.
Panapovuja, haisemi."

Sikumlaumu. Nazijua hizo.
Unamaliza mtaa mzima na chokaa yako mfukoni,
hujapiga msalaba hata mmoja,
na maji ya Makutupora yanaendelea kupotea.

Sikio la kufa halisikii dawa, jirani alinikumbusha
(yeye, wa alizeti).
Hili limesikia nusu.
Sauti nzito zinapita, kama ngoma ya nyumba ya tatu.
Nyembamba hazifiki.
Nikiziba la kulia, jirani akiita juu ya ua,
jina la mke wangu linanifikia bila kichwa:
echelela.

Na mnong'ono wa bomba, herufi yake ni hiyo hiyo.

Sasa nasikiliza kwa kulia.
Ni kama kuandika kwa mkono usio wako.
Juzi, Area C, nilipiga msalaba mdogo, wa wasiwasi,
na asubuhi, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa,
sikwenda kulala.
Nilisimama ukingoni mwa shimo, mikono nyuma,
vijana wakichimba,
nikingoja kuona udongo ukibadilika rangi.